Mafundo ya Bwana Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimempeleka mbwa wangu, Bwana Mkubwa, saluni ya mbwa na paka. Dada wa saluni kamchana manyoya dakika arobaini. Huku akichana, kaniuliza mbwa anakula nini, na mimi je, nakula nini? Tangu mke wangu aondoke, miezi minane sasa, hakuna aliyeniuliza hilo. Kasema nirudi baada ya wiki sita. Wiki sita! Nitaongea na nani?

Jumanne, 4 Machi
Kichwa kimefanya kazi. Manyoya yakisokotana, lazima turudi mapema. Nimempaka uji mzito nyuma ya masikio na ubavuni, nikasokota kwa vidole mpaka ukakauka. Bwana Mkubwa alinitazama tu.

Alhamisi, 6 Machi
Saluni tena. Nimejipalia makaa. Mbwa alitetemeka, akapiga miayo, akajilamba midomo, mkia kaufyata. Nikasema ana usingizi. Dada akasema hapana, hiyo ni hofu. Kila fundo linavuta ngozi, akipiga hatua linamuuma. Kisha akanionyesha fundo moja, akauliza kwa upole ni mbwa gani anayejifunga kama kamba za viatu. Sikuwa na pa kuweka uso. Akasema nikimleta hivi tena, hatampokea. Kanipa brashi: dakika tano kila siku, nianzie mabegani, akikaza mwili niache.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana Mkubwa yuko chini ya kitanda. Nikinyoosha mkono, anarudi nyuma. Nimekula peke yangu, sahani magotini, nikimsubiri. Ndiye pekee aliyebaki humu ndani, na nimemkimbiza mwenyewe. Upweke huu unauma.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa sakafuni tangu asubuhi na brashi yangu, kimya. Saa sita akatoka. Mabegani, taratibu. Akakaza mwili, nikaacha. Akarudi mwenyewe, akaniegemea gotini, akalala. Mguu ukafa ganzi, sikuusogeza. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nimeapa: sitamtesa tena Bwana Mkubwa kwa sababu ya maongezi.

Jioni nikampigia dada kumpa habari. Akafurahi sana. Akasema kama ni hivyo, hakuna haja ya kumleta mpaka katikati ya mwezi wa nne. Akaniaga.

Nimebisha kwa jirani kumwomba aniazime paka wake, yule mwenye manyoya marefu. Akauliza wa nini. Nikamwambia napenda sana wanyama.