Mtaro wa Kunenepesha Kome

Jumatatu, 6 Novemba

Nimeigundua siri! Binti Ivonne, yule wa vipimo vya bahari, amekuja leo na kisahani chake cheupe kwenye kamba. Akakizamisha kando ya maboya yangu. Kikashuka, kikashuka, bado tunakiona. Akasema maji ni maangavu mno: vile vimea vidogo visivyoonekana kwa macho ni haba, na ndivyo chakula cha kome. Kumbe ndiyo maana kome wangu wamekonda kama kucha! Akasema pia mvua huteremsha rutuba ya shambani baharini, na rutuba huvilisha vimea. Baada ya hapo zikafuata "lakini" nyingi. Sikuzisikia. Nilikuwa nachora mtaro kichwani.

Shemeji Nolberto, ng'ambo ya ghuba, kome wake ni wanene kila mwaka. Kila Jumapili lazima anikumbushe mlangoni mwa kanisa. Sasa basi!

Jumamosi, 11 Novemba

Minga! Nimeita msaada na kijiji kizima kimekuja na majembe. Tumechimba mtaro ulionyooka, kutoka zizi la nguruwe, kupitia shamba langu la viazi, mpaka baharini. Matete ya ufukweni tumeyafyeka. Eudulia, mke wangu, akauliza matete yamenikosea nini. Nikamwambia yanakula chakula cha kome.

Desturi ni kwamba aliyeita minga huwalisha watu siku ileile mpaka washindwe kusimama. Mimi nimeomba wasubiri wiki mbili, ndipo waje kula kome wanono, waliopikwa shimoni kwa mawe ya moto. Haijawahi kutokea kisiwa kizima cha Chiloé! Mama Hortensia, jirani yetu, akasema minga bila chakula ni wizi, na nisipowalisha, hata jeneza langu nitalibeba mwenyewe.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua! Mtaro unanguruma! Ghuba yote ya kahawia! Nimeifunga kamba sahani ya harusi ya Eudulia na kuizamisha. Imepotea machoni kabla kiwiko hakijalowa. Supu nzito namna hii! Nikamwita Nolberto aje ajionee. Akapiga makasia, akatazama, akasema, "Shemeji, hiyo siyo supu. Hilo ni shamba lako."

Wivu mtupu. Ingawa ni kweli, matuta yangu ya viazi ya bondeni hayaonekani tena. Halafu kamba imekatika na sahani imezama. Eudulia hajaambiwa.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimefungua kome. Tope. Mwingine, tope. Eudulia akasema kome wanahitaji vimea, vimea vinahitaji jua, na jua halipenyi kwenye tope. Nikashangaa kayatoa wapi. Kumbe zile "lakini" za binti alizisikiliza zote.

Jumatano, 22 Novemba

Jua! Tope limetulia! Juzi maji yalikuwa ya kijani, leo mekundu kama divai. Vimea vimeitikia samadi! Nimecheza ngoma juu ya mashua, nusura ipinduke. Nolberto kapita bila kunisalimu. Baadaye Binti Ivonne akaja kuchota maji kwenye chupa. Nilimpongeza. Akafunga chupa, akaondoka mbio.

Jumamosi, 25 Novemba

Marufuku kuvuna. Ghuba nzima, kome wote, wangu na wa Nolberto. Ule wekundu ni vimea vyenye sumu. Kome wamevila, na sumu haitoki hata ukiwachemsha. Binti Ivonne hakusema ni mtaro wangu peke yake. Aliutazama tu, kwa muda mrefu.

Kesho kijiji kinakuja kula. Nikasema labda tuwapike wachache tu, wale waliokaa mbali na wekundu. Eudulia akaenda kusimama gatini, kisu mkononi, akasema nikiwataka kome nimpite yeye kwanza. Naogopa. Watu walinipa jasho lao, na mimi sina cha kuwawekea mezani.

Jumapili, 26 Novemba

Eudulia amemchinja nguruwe wake jike, yule wa Krismasi. Nolberto ameleta magunia ya viazi. Heri angenitukana. Watu wameshiba. Mama Hortensia kaongeza sahani mara kadhaa, kisha akatangaza kwamba jeneza watanibebea, ila wasinione tena karibu na jembe.

Kisha wakainuka wote, bila kuitwa, wakaufukia mtaro na kupanda matete upya. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimelielewa kosa langu! Mtaro ulielekea upande usiofaa! Rutuba yangu yote iko baharini, kwenye maji hayo mekundu, inaelea bure. Basi nairudisha! Mapipa ya maji mekundu, juu ya viazi vilivyobaki. Vitakuwa vikubwa kama vichwa vya watu! Nolberto atajuta.

Minga ni Jumamosi. Nimepita nyumba hadi nyumba kabla Eudulia hajaamka. Kwanza walinifungia milango. Nikawaahidi mafahali wangu wawili wa mkokoteni, wote, wachomwe asubuhi, watu washibe kabla ya kazi. Wamekubali haraka ajabu!

Limebaki jambo dogo tu: nani atayavuta mapipa mlimani.