Sura Nane Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kapiga simu saa tatu asubuhi. Mbele yangu mgonjwa kashika shavu, nyuma yake mwingine anauliza choo kiko wapi. Mhariri anaitaka riwaya Ijumaa ya tarehe 15. Ameshanisogezea tarehe mara tatu, akasema, na ya nne haipo. Nikishindwa, nafasi yangu anampa mtu mwingine. Nikamjibu kwamba namaliziamalizia tu.

Ukweli: riwaya ina sura kumi na mbili. Nimeandika nne. Ya nne ni ileile ya tatu, nimebadilisha majina.

Nimechoka kabla sijaanza. Tangu saa mbili asubuhi hadi kumi na moja na nusu jioni niko mapokezi, kliniki ya meno. Nikitoka hapo kuna watoto wawili na madaftari yao, mashati ya baba yao, masufuria ya wote. Wifi yangu ameandika vitabu viwili huku ananyonyesha. Nilimuuliza anawezaje. Akasema, "Mimi naandika tu, wifi." Naandika tu! Kama mtu anayesema anapumua tu.

Sura nane, siku kumi na moja. Inawezekana. Kinachotakiwa ni mbinu.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu imepatikana. Kati ya mgonjwa na mgonjwa kuna dakika tatu, nne. Ukizijumlisha ni zaidi ya saa nzima kwa siku, na yote huwa naimaliza kwa kutazama ukuta. Sasa naandika nyuma ya kadi za miadi. Kadi ni ndogo, inakaa chini ya kiganja. Daktari akipita anadhani napanga wagonjwa.

Hadi jioni, kadi kumi na saba. Kumi na saba! Sijawahi kuandika hivi tangu niolewe.

Nyumbani nikazipanga mezani. Ziko kumi na moja.

Jumatano, 6 Machi

Kadi sita zimeondoka na wagonjwa. Simu haikunyamaza asubuhi nzima. Mama mmoja anataka kujua kwa nini kadi yake imeandikwa "Najua ulichomfanyia yule fundi cherehani," na kama ni daktari anayemtuhumu. Alikuja kuziba jino tu, masikini.

Saa nne akaingia Mwalimu Mstaafu, yule wa meno ya bandia. Amekuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na bado husimama mlangoni mpaka watu wanyamaze. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaniwekea mezani kadi moja ya zile sita, ile inayoishia mpelelezi akifungua sanduku. Ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Koma mbili zimeongezwa, neno moja limezungushiwa duara. Chini kaandika: "Wazo zuri. Haraka nyingi. 11/20."

Kisha akainama, akaninong'oneza, "Sasa binti yangu, mle sandukuni mlikuwa na nini?"

Nikamwambia asubiri. Sikumwambia kwamba hata mimi nasubiri.

Daktari amepiga marufuku kuandika chochote kwenye kadi isipokuwa jina, siku na saa. Aliongea kwa upole. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 7 Machi

Mkono umekatazwa, mdomo haujakatazwa. Simu yangu inaweza kugeuza maneno kuwa maandishi! Mapumziko ya mchana nikajifungia stoo, katikati ya maboksi ya glavu, nikaanza sura ya tano. Muuaji nikampa sauti anayostahili: "Mshike kichwa! Akipiga kelele mzibe mdomo! Damu ifuteni kabla mwingine hajaingia!"

Ukuta wa stoo ni mbao nyembamba. Upande wa pili ni chumba cha kusubiri.

Nilipotoka, viti vitano vilikuwa vitupu. Mgonjwa wa sita kukimbia alikuwa fundi bomba aliyekwisha kuchomwa sindano ya ganzi. Huyo tulimkimbilia hadi barabarani. Alikuwa anawaambia wapita njia jambo fulani kwa uchungu mwingi, ila kwa mdomo ule uliolala hakuna aliyemwelewa. Ahsante Mungu.

Daktari kanipa barua ya onyo. Aya tatu safi, kaimaliza kwa dakika kumi. Kila mtu anaandika isipokuwa mimi.

Na simu imeandika: "Mashine kichwa. Akipika keki mzibe mdogo."

Jumamosi, 9 Machi

Leo ndiyo leo. Nimempigia wifi, nikamwomba awachukue watoto na kaka yake mpaka jioni. Akakubali bila hata kuvuta pumzi. Saa mbili nyumba tupu. Saa tisa nzima za kwangu!

Mtu hawezi kuandika kwenye uchafu. Nikafagia. Nikaona mapazia. Nikayafua. Nikahamisha meza dirishani, jua likaniingia machoni, nikairudisha. Nikachora ratiba kwa rangi nne: kijani kuandika, njano kufikiri, nyekundu kusahihisha, bluu kupumzika. Ratiba ilipendeza sana. Nikaanza na bluu ili niingie kwenye kijani nikiwa na nguvu.

Niliamshwa na hodi. Saa kumi na moja. Watoto wameoga, wamefanya kazi zao zote za shule, hata hesabu. Wifi akaniambia walikuwa watulivu mpaka akapata nafasi ya kumaliza sura. Sura! Na wanangu mimi ndani ya nyumba! Wale wale!

Nimeandika sentensi moja. Nayo nimeikata.

Jumatatu, 11 Machi

Siku nne zimebaki. Macho yananiwasha. Mwalimu Mstaafu kaja kulegezewa meno yanayombana, akauliza habari za sanduku. Sijui kilichonipata, pengine ni uchovu, nikamweleza kila kitu pale pale mapokezi. Mhariri, tarehe, sura nane.

Akasema nyumbani kwake kuna saa nyingi mno tangu mkewe afariki, na hajui azipeleke wapi. Nimsimulie, yeye ataandika. Mwandiko wake ni mzuri, na mkono wake ni mwepesi.

Mbinu bora kuliko zote! Mimi na kichwa, yeye na mkono. Nikamsimulia mpaka sura ya sita. Ya saba na kuendelea nikamwambia atumie busara yake.

Alhamisi, 14 Machi

Kaleta bahasha. Sura nane kwa siku tatu, hakuna hata mfuto mmoja. Nusura nilie mbele ya wagonjwa.

Nimesoma wakati wa mapumziko. Sura ya tano, muuaji anakamatwa. Sura ya sita anaomba radhi. Sura ya saba anajiunga na masomo ya watu wazima. Mpelelezi wangu, mwanamke shupavu niliyemfikiria miaka mitano, sasa haingii nyumba ya mtu bila salamu za ukurasa mzima. Sandukuni mlikuwa na barua za mume kwa mkewe aliyefariki. Zote zimenukuliwa.

Za kwangu zimejaa damu, za kwake zimejaa adabu. Lakini ni kurasa, na kesho ni Ijumaa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimetuma, jina langu juu. Usingizi nilioupata jioni hii, hata radi isingeniamsha.

Jumanne, 19 Machi

Mhariri kapiga. Sura nne za mwanzo, akasema, zitupwe. Lakini zile barua za sandukuni zimemliza ofisini. Akaniuliza taratibu kama ni mimi niliyeziandika.

Nilikuwa na neno "ndiyo" mdomoni kabisa. Halafu Mwalimu akaingia na kadi yake, akasimama mlangoni, akisubiri watu wanyamaze. Nikampa simu.

Nimemwona akisikiliza. Akasema "Naam" mara sita. Alipomaliza akatoa kitambaa, akafuta miwani, akairudisha usoni kabla haijakauka. Kitabu kitatoka kwa jina lake. Kuhusu mimi, mhariri ana nafasi mwaka ujao, nikiwa na kitu.

Nilimpongeza. Nilimaanisha, kwa kiasi kikubwa.

Jumamosi, 23 Machi

Naosha vyombo, baba watoto kasimama mlangoni. Akaniuliza hivi kile kitabu kilikuwa kinahusu nini hasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hapa nyumbani. Nikamsimulia huku nasugua sufuria: fundi cherehani, mpelelezi, nani alimuua na kwa nini. Maji yakapoa. Hakuondoka pale mlangoni mpaka mwisho.

Akasema, "Kumbe unaijua yote."

Nikamwambia kuijua si kazi, kazi ni muda wa kuandika. Napata wapi muda? Nitaanza upya kwa mbinu mpya: kusimama. Nasikia mtu akiandika amesimama anaandika mara mbili zaidi. Kesho nitapandisha meza juu ya matofali.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaashiria shajara hii pembeni ya sinki, akauliza nimeianza lini. Mwezi wa kwanza, nikajibu. Ina kurasa ngapi? Mia mbili, na huu ndio wa mwisho, nimejaza zote.

Akanitazama kama mtu anayengoja nimalizie mwenyewe. Sijui alitaka niseme nini. Nikamwambia kesho akipita dukani aninunulie daftari lingine, kubwa zaidi.