App Iliyokuja na Jiko Lake

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kebirigo nzima wanaisimulia vibaya. Ati app ya Mzee Ogoti, yaani yangu, ilishindwa jana. Uongo! Haikushindwa, ilichelewa. Hata mimi nilichelewa arusi yangu na bado nilioa.

Ukweli ni huu. Kamati ya kituo chetu cha kupimia majani chai inataka watu washike foleni kwa simu. Miaka kumi na nne foleni nimeipanga mimi, kwa mdomo wangu. Alhamisi app moja itachaguliwa, na mwenye app ndiye msimamizi. Mwingine atapanga mstari na gunia lake kama mtu wa kawaida. Mimi! Mtu wa kawaida!

Yangu imeundwa na mjukuu wangu Linet. Ya Onyancha, jirani yangu na adui yangu, imeundwa na mkwe wake Ronny. Jana tulizijaribu. Yake ilifunguka pap. Yangu ikazungusha kiduara. Onyancha akaniuliza kama nimeanika majani humo ndani ama namna gani. Watu wakacheka mpaka karani akasoma mizani vibaya.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwuliza Linet kwa nini yetu ni nzito. Ameniita sokoro kwa adabu, na mjukuu akikuita babu kwa adabu ujue kuna habari mbaya. Ati ya Ronny imeundwa kwa aina moja ya simu, inatumia vitu inavyovikuta humo. Yetu ameiandika mara moja tu na inaingia kila aina ya simu, kwa hivyo inabeba vitufe na michoro yake yote.

Nimeelewa haraka. Ya Onyancha ni mgeni anayepikiwa kwa jiko la mwenye nyumba. Yetu inakuja na jiko lake, sufuria, na kuni kichwani. Si lazima ihemee mlangoni?

Amesema kwenye simu mpya hutaona tofauti, kwenye simu kuukuu utaiona. Mtoto huyo! Simu kuukuu inaheshimu wazee.

Jaji ni Mama Bosibori, katibu wa kamati. Ana aifoni aliyopewa na binti yake wa Nairobi. Simu ya maringo, siiamini. Nimempelekea mkungu wa ndizi zilizoiva, nikamwomba Alhamisi aiache nyumbani, atumie ile kuukuu ya Abner karani, ambayo imenizoea. Amekubali. Linet sijamwambia. Siri ya vita.

Jumatano, 4 Juni

Linet amekuja akiruka. Ati app ya Ronny haiingii kwa aifoni kabisa! Lazima aandike nyingine kutoka mwanzo. Tukishindana kwa simu ya Mama Bosibori, tumeshinda kabla ya kuanza.

Nikakohoa sana.

Nimekimbia kwa Mama Bosibori. Amesema, mzee, ndizi zimeshaliwa na neno nimeshalitoa. Tena ati alikuwa ametaka kutumia simu yake mwenyewe, ni mimi niliyemzuia. Kwa nini mtu anakuambia kitu kama hicho?

Lakini Ogoti halali. Majani yakilowa tunayatandaza, maji yatoke, karani asikate kilo. Simu ni hivyo hivyo. Nimeazima ya Abner, ati nampigia daktari wa ng'ombe, nikafuta picha zote. Mia nne na kitu. Nimeishika mkononi: nyepesi!

Alhamisi, 5 Juni

Ya Onyancha, pap. Yetu, kiduara. Nikaanzisha pambio ili watu wasihesabu. Ubeti wa pili, ikafunguka! Nzuri, vitufe vya kijani. Hata mkubwa kutoka kiwandani alivua kofia, akasema hajaona app ya namna hiyo.

Shida ni kwamba ya Onyancha ilikuwa imeshapanga watu sita.

Halafu Abner akataka kuwaonyesha watu picha za ubatizo wa binti yake. Akatafuta. Akatafuta tena. Akaniangalia. Mimi nikaangalia ng'ombe, na hapo hapakuwa na ng'ombe.

Onyancha ndiye msimamizi. Amenipa nambari arobaini na moja, nyuma ya Nyanchoka, ambaye hata chai hana, alikuja kuuza maandazi.

Ijumaa, 6 Juni

Linet amesema nivumilie. Mwaka ujao watu watakuwa na simu mpya, yetu itafunguka kama ya Ronny, na kwa aifoni itakuwa peke yake. Kwanza, amesema, nimwombe Abner msamaha.

Nivumilie na nambari arobaini na moja?

Nimeenda Ekerenyo asubuhi. Kituo chao pia kinatafuta app ya foleni. Nimewaambia yetu ilishinda Kebirigo bila jasho, na kama hawaamini, Jumatatu watafute simu kuukuu kuliko zote kijijini, tuijaribu hapo hapo mbele ya watu. Ndizi nimeshawapelekea.

Yule mkubwa wa kiwanda, kusema kweli, hakuvua kofia. Hata hakuja.