Malalamiko Kuhusu "Amekula" Kugeuzwa "Umekula"

Jumapili, tarehe tisa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi,

Shikamoo. Naahidi kukueleza yote, hata yatakayoniaibisha mwenyewe. Mimi ni mdogo wake mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, yule mrefu anayecheka akiziba mdomo. Tulikukabidhi dada mtulivu. Umeturudishia mtu anayeuliza.

1. Tangu Bibi aanguke, tulikuwa tukiulizana vizuri tu, yeye akiwa amekaa katikati yetu: "Amekula? Amelala?" Dada alipokuja likizo akasema mmemfundisha kwamba mgonjwa ni mtu kwanza, basi aulizwe mwenyewe: "Umekula?" Ni herufi moja tu, Mheshimiwa, lakini ona ilivyotuharibia nyumba.

2. Bibi alijibu. Kumbe uji haupendi, na ameunywa muda wote huo! Alisema hakutaka kutukatiza mazungumzo. Mama amebaki na unga mfuko mzima.

3. Sasa anapenda vitu. Kuoga jioni, si alfajiri. Mpira redioni. Mjomba, msemaji wa familia, alipomwambia daktari, "Goti linamsumbua," Bibi akasema, "Ni nyonga, na ni yangu." Mjomba hajapata kazi nyingine mpaka leo.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Sote tulikubaliana Bibi ahamie chumba cha nyuma kisicho na dirisha, ili mimi nipate chumba chake nisomee mtihani. Dada akaenda kumuuliza! Bibi akasema dirisha lake analipenda. Nasomea jikoni, na daftari langu la hesabu linanuka vitunguu.

Kwa heshima, naomba mumsahaulishe dada somo hilo. Ikishindikana, afundishwe kuwauliza wasiojibu tu.

Wasalimie walimu, mpishi wa bweni, na wagonjwa wenu, wale wanaopenda kusalimiwa.

Mimi, mjukuu asiye na chumba.

N.B. Jumatatu. Sikuiposti barua kwa sababu nilishikwa na homa. Mama alisimama mlangoni akamuuliza dada, "Amemeza dawa?" Nikajikuta nimeketi kitandani nikipaza sauti, "Mama, si nipo hapa? Niulize mimi!" Upande wa pili wa ukuta Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniita: "We mjukuu, mbona hukuniuliza? Meza inaenea hapa dirishani." Ndipo ninapomalizia barua hii. Tafadhali nijibu kwa posta ijayo, na unijibu mimi mwenyewe, usipitie kwa dada: chuo chenu hupokea waliomaliza kidato cha ngapi?