Mbuzi Wanne wa Baharini

Jumatatu, 24 Machi 1986
Musyoka ameniua. Studio yake ya picha iko ng'ambo ya barabara, na jana kachora ndege ya abiria ukuta mzima. Leo Malindi yote inapanda ndege! Mimi, Ndirangu, mpiga picha wa siku nyingi, nimebaki na pazia la maua. Mama Zipporah, mwenye nyumba, kapita kuniambia bila kupepesa macho: Pasaka ikiisha bila foleni mlangoni kwangu, chumba anampa Musyoka akifanye stoo. Stoo!

Dawa nimeipata. Tangi la vioo, maji ya bahari, matumbawe hai ya rangi rangi. Mteja anakaa nyuma ya tangi, mimi napiga kwa mbele, anatokea kama yuko chini ya bahari. Matumbawe ya hapa kwetu yamo hifadhini, hayaguswi. Basi Joram, dereva wa lori la machungwa, ataniletea ya Tanga. Ya nje yanaihusu nini sheria yetu?

Jumanne, 25 Machi
Nimekwenda ofisi ya wanyamapori kuomba kibali. Si kwa woga. Nilitaka nikitie fremu. Ofisa, Bi Hannah, akasema tumbawe hai ni mnyama: linataka kibali cha kule linakotoka na kibali cha kuingia huku. Mnyama! Nikamwambia basi choo cha ploti yetu, cha mawe ya matumbawe, kimejengwa kwa wanyama. Akacheka mpaka akatoa leso. Akasema hao wa chooni walikufa zamani, hawana haja ya kibali, lakini aliye hai asimwone bila karatasi.

Haya. Mimi mtu wa Nyeri, mnyama wa kusafirishwa namjua: anataka cheti cha daktari wa mifugo. Nimempigia Joram simu kwenye gereji anakolala huko Tanga. Kesho awapeleke hao matumbawe kwa daktari. Bi Hannah atanyamaza mwenyewe.

Alhamisi, 27 Machi
Joram karudi. Na machungwa tu.

Daktari alikuwa na fomu za ng'ombe na mbuzi peke yake. Akaona vipande vinne ndooni, akaandika: mbuzi wanne, wazima, hawana kupe. Pale mpakani Lunga Lunga ofisa akasoma cheti, akataka kuwaona mbuzi. Joram akafunua ndoo. Masikini! Kahojiwa nusu siku mbuzi kawauza wapi. Matumbawe yakachukuliwa yarudishwe baharini, yeye akaachiwa cheti, nacho kanitupia mimi. Ameapa hanisalimii mpaka Krismasi.

Na tangi nimeshalijaza, maji nimebeba kwa baiskeli, ndani hamna hata kaa. Nimekaa chini nikalia kidogo. Nikikosa chumba hiki, nitarudi Nyeri kuchuma majani chai ya kaka yangu.

Ijumaa Kuu, 28 Machi
Si Bi Hannah mwenyewe alisema waliokufa hawahitaji kibali? Nimeng'oa matumbawe kwenye ukuta wa choo, upande wa uchochoroni. Machache tu. Nimeyapaka nyekundu, manjano na buluu, nikayapanga tangini. Yamependeza ajabu! Tundu nimeliziba kwa kalenda ya mwaka jana. Nani atajua?

Jumapili, 30 Machi, Pasaka
Foleni! Watu wametoka kanisani moja kwa moja kwangu. Imeanzia mlangoni ikapinda mpaka uchochoroni, pembeni ya choo. Musyoka kabaki na ndege yake, haina abiria. Nilikuwa nikipiga picha huku nikiimba.

Kisha Mama Zipporah akaingia chooni. Upepo ukavuma, kalenda ikaenda zake. Foleni nzima ikamwamkia kwa adabu: shikamoo, mama.

Nimejificha chini ya kitambaa cha kamera mpaka magharibi.

Jumatatu, 31 Machi
Mama Zipporah kaja asubuhi. Nikajua ndiyo kwaheri. Kumbe anacheka! Akasema alitaka foleni, na foleni kaiona kwa macho yake, nayo ikamwona. Chumba ni changu. Ila ukuta niujenge leo hii, na yeye apigwe picha ya bure. Hata Musyoka kaniazima mwiko. Bi Hannah naye kaja kupigwa picha, akaniusia nisithubutu tena kuvusha kiumbe hai mpakani. Nimeapa. Matumbawe basi, nimekoma!

Ila tangi linataka kitu kinachotembea. Nimempelekea Joram salamu na shati jipya, aniletee kasa wadogo kutoka Tanga. Safari hii karatasi si tatizo. Nimeagiza wanne, wana miguu minne minne, na cheti cha mbuzi bado ninacho.