Vifungo Elfu Mbili vya Maduhu

Jumatatu, 3 Juni 1996
Leo mimi Maduhu ni mwenye kiwanda! Kiwanda chenyewe ni mashine moja ya mkono, nyuma ya duka la Zakir, hapa Nyasubi. Unayeyusha plastiki, unavuta mkono, plastiki inasukumwa ndani ya kalibu, chuma chenye umbo la vifungo, na vifungo vinatoka. Mama Martina, fundi cherehani, anataka elfu mbili vya sare za shule mbili: vyeupe na vya bluu. Nkwabi huchonga vifungo vya pembe za ng'ombe, kimoja kimoja. Maskini! Nilimwambia zama zake zimekwisha. Alicheka tu.

Jumanne, 4 Juni
Kalibu imefika kutoka Mwanza. Imemeza ng'ombe wangu wawili. Mchoro ni wangu mwenyewe! Zakir alishauri tutoe vichache kwanza, tuvitazame. Nikamjibu kwamba mashine haitaki woga.

Jumatano, 5 Juni
Siku tamu! Kila nikivuta, vifungo ishirini. Laini, sawasawa, kama mapacha. Kufikia saa kumi, elfu mbili! Nkwabi alikuwa amemaliza tisa.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Martina alishika kimoja, akakigeuza. Akakigeuza tena.
"Baba, sindano nipitishe wapi?"
Matundu! Nilisahau kuchora matundu. Nkwabi akikosea, anatupa kimoja. Mimi nimekosea mara moja, vimeharibika elfu mbili. Na chuma hakifutiki kama daftari. Kazi kapewa Nkwabi. Alipita akinisalimu, "Mwangaluka, mhandisi!" Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, kana kwamba ndiyo kwanza naamka. Ilikuwa jioni.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetoboa kwa msumari wa moto. Vifungo sita, vidole viwili. Nimeacha.

Jumamosi, 8 Juni
Ajabu! Nkwabi alikuja kunicheka, akachukua vifungo ishirini na vinne, vyeupe na vya bluu, akaenda kuchezea drafti kwa kinyozi. Wachimbaji dhahabu wa Mwakitolyo waliokuwa wakisubiri kunyolewa wakaviona. Havina meno kama vizibo vya soda wanavyochezea siku zote, vinatulia ubaoni. Kila mmoja akanunua seti yake na za wenzake machimboni. Jioni gunia tupu! Nkwabi na mimi tulicheza ngoma barabarani.

Jumapili, 9 Juni
Watu wananipongeza. Nimewaambia nilipanga hivyo tangu mwanzo. Nimeuza ng'ombe wa tatu na kuagiza kalibu ya vikombe vya chai. Basi la Mwanza limeondoka na mchoro wangu. Nilipomwonyesha Zakir nakala, alicheka hadi akakaa chini. Sijui kilichomchekesha. Kikombe ni kizuri, mviringo safi, hakina hata mkono wa kukiharibia umbo!