Mama Hana Tatizo la Kutafuna

Jumatatu, 4 Novemba
Kazi ya maana hatimaye! Daktari Nigam wa chuo cha udaktari wa meno anataka hojaji moja ya kigeni kuhusu vinywa vya wazee iwe ya Kihindi, ijaribiwe kwa wazee wetu wa Bareilly. Atakayefanya vizuri zaidi atapelekwa Delhi kuiwasilisha. Ama mimi, ama mwenzangu wa kazini, Vandana. Vandana! Yeye huzunguka nyumba hadi nyumba kama muuza mboga. Mimi natumia akili. Maswali yote nimeyatafsiri kabla ya chai.

Jumanne, 5 Novemba
Nimewakusanya wazee barazani kwa Mzee Tiwari, wana wao wamesimama kando. Meno yanakuzuia kula? Hapana. Unaona haya kula mbele za watu? Hapana. Mzee Tiwari hana hata jino moja, naye kasema hapana, akimtazama mwanawe. Nimemaliza kabla ya adhuhuri. Vandana anadai hayo si majibu, eti mzee akilalamika mbele ya mwanawe ni kama kuwaambia watu kwamba mwana hamtunzi. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 7 Novemba
Balaa. Daktari kagundua kati ya wazee niliowahoji hamna mwanamke hata mmoja. Wanawake nitawatoa wapi? Ala, si Mama yupo! Nikamketisha uani, mke wangu Kusum akichambua dengu pembeni. Mama kafunika mdomo kwa pindo la sari. Hapana, hapana, hapana. Je, unaepuka kula na wenzako? Hapo akacheka.

"Tangu niolewe nimekula na nani, Lallan? Mimi nakula mkishamaliza."

Nikaandika hapana. Mama ni hazina.

Ijumaa, 8 Novemba
Vandana kaja kuniibia Mama! Kajifungia naye jikoni, katoka macho mekundu. Ananiambia Mama huloweka chapati kwenye maji mpaka ziwe uji, na siku ufizi ukimuuma chapati zote humpa ng'ombe. Uongo, nikasema. Jioni nikachungulia. Mama yuko peke yake kwenye kigoda, anaponda chapati kwa kidole. Mabega yake yamebaki mifupa. Tangu lini? Mimi huwa nimeshashiba na kulala. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Kusum angejiona mkwe mbaya. Na wewe ulikuwa na haraka, baba."

Nimelia, sifichi. Kesho nampeleka akatengenezewe meno. Kesho asubuhi, liwalo na liwe.

Jumamosi, 9 Novemba
Asubuhi kulikuwa na kikao kwa Daktari, ningefanyaje? Nikasimulia habari ya jikoni, chapati na kigoda, nikasema lazima wazee waulizwe faraghani. Sikusema ni nani aliyegundua, wala hakuna aliyeniuliza. Vandana alifunga daftari lake. Daktari alifuta miwani, akasema Delhi naenda mimi. Mimi! Treni ni kesho, wiki mbili. Meno ya Mama tutayashughulikia nikirudi.

Jumapili, 10 Novemba
Mimi si mtovu wa shukrani. Nimemnunulia Mama gajak, zile peremende ngumu za ufuta na sukari guru alizokuwa akinivunjia kwa meno yake nilipokuwa mdogo. Kazipokea kwa mikono miwili, kazifunga kwenye pindo la sari. Kasema atakula baadaye, tukishamaliza. Kusum alikuwa amesimama pale pale, nami treni inaningoja. Nikamuuliza kama meno bado yanamsumbua. Hapana, kasema.

Nimeondoka na moyo mweupe.